Kurudi kwenye kitanda kile kile: kisa cha mwanafunzi wa tiba kwa vitendo na mteja wake

Kisa hiki kilinilazimisha kuifumua fomu yangu ya kutathmini wanafunzi. Mahali sipataji, na baadhi ya mambo madogo nimeyabadili ili wahusika wasitambulike. Mwanafunzi nitamwita Rehema, mteja nitamwita Fundi. Wote wawili waliridhia kisa chao kitumike kufundishia. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi, na makosa mengi utakayoyasoma hapa ni yangu.

Usuli

Rehema alikuwa mwaka wa 3 wa kusomea tiba kwa vitendo, yaani kazi ya kumsaidia mtu aliyeugua au kuumia aziweze tena shughuli zake za kila siku. Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba kwa Vitendo linataka mwanafunzi awe na angalau saa 1,000 za mafunzo kazini kabla ya kuhitimu, naye alikuwa ameshapita nusu yake. Kwenye karatasi alionekana ameiva. Baadaye nilipokaa naye kuzichambua saa hizo, tukakuta sehemu kubwa alikuwa amesimama nyuma ya mtu mwingine akiangalia.

Darasani hakuwa na tatizo. Misuli ya kiganja aliijua kwa majina na kazi zake, na splinti, kile kifaa kigumu cha kupumzishia mkono, aliikata na kuifinyanga safi kuliko sisi wenye miaka mingi kazini. Siku ya kwanza nilimuuliza anatarajia ugumu gani. Akajibu, "Kazi naiweza. Kuongea nao ndiko sikujui." Nikaandika kwenye daftari langu neno moja: *atazoea*.

Fundi alikuwa mshonaji wa nguo, miaka sitini na ushei, wiki ya 5 tangu apate kiharusi. Upande uliolegea ulikuwa wa kulia, na mkono wa kulia ndio uliokuwa wa mkasi. Bega lilikuwa bado legelege, vidole vilikunja kidogo lakini kufunguka vilikataa, na hisia kwenye ncha za vidole zilikuwa zimepungua. Akili timamu kabisa. Ulimi ulikuwa mzito na maneno yalichelewa kuja, na mtaalamu wa matamshi na lugha alikuwa ameandika kwenye faili: apewe muda wa kujibu, asimaliziwe sentensi. Rehema aliusoma mstari huo asubuhi ile. Nilimwona akiupigia mstari kwa kalamu.

Dakika nne pale kitandani

Tathmini ya kwanza ilikuwa yake. Alisimama upande wa kulia wa kitanda, ubao wa kuandikia ameukumbatia kifuani. Fundi alikuwa amelala, kwa hiyo alimtazama binti huyu kutoka chini kwenda juu. Kiti kilikuwepo. Hakukivuta, nami sikumwambia akivute.

"Mzee, unaweza kuvaa shati mwenyewe?"

Kimya. Sekunde nne au tano hivi.

"Yaani unaweza kidogo, au huwezi kabisa?"

Kimya tena. Midomo ya Fundi ilikuwa imeanza kusogea. Rehema alikuwa anaangalia fomu.

"Usijali mzee, utapona tu. Ni mazoezi."

Hapo Fundi akamkazia macho, akayakusanya maneno yake moja baada ya jingine: "Wewe binti... umewahi... kushindwa... kifungo?"

Rehema aliganda. Shingo ilimwiva, kalamu ikabaki juu ya karatasi haiandiki. Nikafanya lile ambalo wasimamizi wengi hulifanya na kuliita msaada: nikavuta kiti, nikakaa, nikaendelea na tathmini mpaka mwisho. Ilichukua kama dakika kumi na mbili na ilikwenda vizuri sana. Rehema alisimama nyuma yangu, akiangalia.

Tulipotoka kwenye korido nikamwambia, "Umejitahidi. Usijali, utazoea tu."

Soma tena sentensi yangu, kisha usome ile aliyomwambia Fundi. Mimi mwenyewe sikuuona mfanano huo kwa zaidi ya wiki moja.

Siku kumi za kujificha

Kilichofuata hakikuonekana kama tatizo. Rehema alikuwa mchapakazi kuliko wote. Alipanga upya kabati la vifaa, akatengeneza splinti za wateja watatu, akaandika ripoti ndefu zenye mpangilio. Alijitolea kumwogesha mteja ambaye hakuwa na fahamu za kutosha kuzungumza. Ratiba ilimtaka amwone Fundi mara tano katika siku kumi za kazi. Nilipohesabu kwenye daftari la mahudhurio, alimwona mara mbili, na zote mbili aliandika "mazoezi ya kunyoosha kiungo", yaani alimnyoosha mkono akaondoka. Kazi ya kunyoosha mkono unaweza kuifanya bila kusema neno.

Kila mara alikuwa na sababu. Fundi alikuwa amelala, Fundi alikuwa na wageni, au splinti ya mtu mwingine ilikuwa ya haraka. Nikamwandikia kwenye tathmini ya katikati: *aongeze juhudi kwa wateja wake*. Niliona uvivu mahali penye woga. Ni kosa ambalo bado linaniuma, kwa sababu woga wenye bidii ndio mgumu zaidi kuutambua. Mwanafunzi mvivu hukaa kwenye simu. Mwenye woga hupanga kabati.

Kilichonigutusha ni Fundi mwenyewe. Nilipopita kumsalimu aliuliza, taratibu, "Yule binti... nilimkosea?"

Tulichoamua, na kwa nini

Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kumpa Rehema mteja mwingine, mtu mchangamfu, ajijenge kwanza. Ndiyo njia ya wema, na ndiyo niliyoipenda. Niliiacha kwa sababu ingemthibitishia kwamba Fundi alikuwa hatari, na ingemthibitishia Fundi kwamba alikosea kuuliza. Ya pili ilikuwa kukaa pamoja naye kila kipindi na kumwonyesha. Lakini alikuwa ameshaangalia kwa mamia ya saa. Ya tatu ilikuwa arudi kitandani pale pale, kwa muda mfupi, na kazi moja tu.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu kuwa analiweza jambo fulani huja kwa njia nne: kulifanya mwenyewe na kufaulu, kuona mwenzako akilifanya, kuambiwa na mtu kwamba unaweza, na jinsi unavyousoma mwili wako, mathalani moyo kwenda mbio. Yenye nguvu zaidi ni ya kwanza. Mimi nilikuwa nimempa Rehema ya pili na ya tatu, na ya kwanza nikaitwaa mwenyewe siku nilipovuta kile kiti.

Kabla ya lolote tulikaa chumba cha vifaa, mlango umefungwa, nikamwomba anisimulie zile dakika nne kama mtu anayesimulia alichokiona dirishani: nani alisema nini, nani alitazama wapi, bila "nilikosea" wala "nilipaswa". Alipofika kwenye swali la kifungo alisimama. "Nilijua amenikasirikia," akasema. Nikamuuliza alijuaje. Alifikiri kidogo. "Alinyamaza."

Nikafungua faili kwenye ule mstari alioupigia kalamu. Aliusoma, akaweka mkono mdomoni. Ukimya wa kwanza haukuwa hasira. Fundi alikuwa anajibu. Jibu lilikuwa njiani. Swali la pili lililivunja, na la tatu halikuwa swali tena.

Kisha tukapima. Siku zote nilikuwa nawauliza wanafunzi, "Unajiamini kiasi gani na wateja, kati ya 10?" Rehema aliniambia 3, na 3 haikunieleza chochote. Safari hii nililigawa swali mara tatu. Una hakika kiasi gani kwamba unaweza kutambua mteja yuko katika hali gani? Kwamba unaweza kuchagua namna ya kuwa naye? Na kwamba mambo yakiharibika kati yenu, unaweza kuyatengeneza? Mgawanyo huu sikuubuni mimi. Unafuata modeli ya uhusiano wa makusudi, inayoeleza jinsi mtaalamu anavyoutumia uhusiano wake na mteja kama sehemu ya tiba, ya Renée Taylor wa Marekani, ya mwaka 2008, na watafiti wa Norwei wametengeneza hojaji za kujiamini kwa wanafunzi kwa kuifuata.

Rehema alijibu 7, 4 na 1.

Hiyo 1 ilibadilisha mpango wote. Sikuwa na sababu ya kumfundisha kuwasoma watu wala kumfundisha uchangamfu. Alichokikosa ni ujuzi wa kurudi baada ya jambo kuharibika, na ujuzi huo hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kuujaribu, maana kila lilipoharibika palikuwa na mkubwa wa kulipokea.

Tuliigiza mara mbili. Kwanza mimi nikawa Fundi. Halafu yeye akawa Fundi, mkono wa kulia tumeufunga kwa bandeji, akavaa shati langu la kazi na kujaribu vifungo kwa kushoto. Kifungo cha kwanza kilimponyoka mara saba. Kiliteleza hadi ukingo wa tundu, kikasimama wima, kikarudi. Alifanikiwa kwa kukibana kwa kidole cha kati na kusukuma kwa kidole gumba, ulimi umetoka nje kidogo kama mtoto anayeandika. Sipendi sana maigizo ya namna hii, na nilimwambia hivyo. Dakika kumi za bandeji zinakufundisha habari za kifungo. Za mtu aliyeshona vifungo vya watu maisha yake yote hazikufundishi. Asiende kumwambia Fundi kwamba sasa anaelewa.

Nilikwenda pia kwa Fundi bila Rehema kumuuliza kama yuko tayari kuendelea na mwanafunzi. Hatua hii huwa inarukwa, na haifai kurukwa: mteja hajalazwa ili sisi tupate mtu wa kujifunzia. Alinisikiliza, akachukua muda wake. "Aje. Ila... asiniambie... nitapona."

Tulikubaliana hivi. Rehema angekuwa na Fundi dakika kumi na tano. Mimi ningekaa dirishani nikiandika mambo yangu. Akinihitaji angeweka kalamu juu ya meza ya kitanda. Bila kalamu, nisifungue mdomo.

Kurudi

Alivuta kiti. Akakaa upande wa kushoto, ulio mzima. Ubao wa kuandikia aliuacha kwangu.

"Mzee, siku ile uliniuliza kama nimewahi kushindwa kifungo. Nikaogopa, sikukujibu. Jibu ni hapana, sijawahi. Nimekuja unieleze kwako kikoje."

Fundi alinyamaza. Nilimwona Rehema akihesabu kwa vidole chini ya ukingo wa kitanda: moja, mbili, tatu. Alifika tisa. Mimi nilishika kiti changu kwa mikono miwili nisiinuke. Nakiri zile sekunde tisa zilikuwa ndefu kwangu kuliko kwake.

Kisha mzee akaanza kuongea, na akaongea kwa karibu dakika kumi. Vifungo vyake alikuwa anafungwa na mkewe kila asubuhi, mbele ya wajukuu. Mdogo wao alikuwa ameuliza kwa nini babu anavishwa kama yeye. Rehema hakusema pole. Aliuliza, "Na wewe ungependa wakute nini wakija?"

Kalamu haikuwekwa mezani.

Siku iliyofuata walitumia kipimo cha Kanada cha utendaji wa shughuli, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1991, ambamo mteja mwenyewe hutaja shughuli zinazomsumbua na kuzipa alama kuanzia 1 hadi 10. Mimi ningeapa kwamba Fundi angetaja cherehani. Kwenye tathmini niliyoifanya mwenyewe, ile nzuri sana ya dakika kumi na mbili, nilikuwa nimeandika "kurudi kushona" bila kumuuliza. Yeye akasema, "Cherehani... itangoja. Kwanza shati." Utendaji alijipa 2, kuridhika akajipa 1.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya kawaida, na Rehema kwenye kazi ya kawaida hakuhitaji mtu. Fundi alikaa kwenye kiti kigumu, nyayo sakafuni, shati limelazwa mapajani kola ikielekea magotini. Mkono dhaifu uliingia kwanza, mkono wa shati ukavutwa hadi begani kabla ya kugusa upande mwingine. Kuvua kulikwenda kinyume: mkono mzima ulitangulia kutoka, dhaifu ukafuata. Rehema alimletea kindoana cha kuvutia vifungo chenye mpini mnene. Fundi alikigeuza mkononi, akacheka, akasema kitanzi chake kimekunjwa vibaya na fundi yeyote angekirudisha. Wakakikunja upya wote wawili kwa koleo. Hapo ndipo nilipoona mgeuko: mzee alikuwa mwalimu, binti alikuwa mwanafunzi, na wote wawili walikuwa wanafanya kazi ya mtu mzima.

Matokeo

Baada ya wiki tatu Fundi alijipa 6 kwa utendaji na 7 kwa kuridhika. Kwenye kipimo hicho badiliko la pointi 2 kwenda juu huhesabiwa kuwa la maana. Kifungo cha juu kabisa hakikuwahi kufungika. Alisema hata alipokuwa mzima hakuwa akikifunga.

Alama za Rehema zilikwenda 8, 6 na 6. Ningependa kuishia hapo, lakini wiki ileile alipangiwa mama mwenye mtoto anayeishi na mtindio wa ubongo. Mama yule aliongea haraka, alikuwa amechoka, na alikuja na madai ya haki kabisa kuhusu kiti alichoahidiwa na hakikuja. Rehema akarudi kuukumbatia ubao. Alisoma maswali ya fomu mfululizo hadi mama akasema, "Dada, unaniuliza au unausomea ukuta?"

Niliposikia nilifadhaika, kisha nikatazama tarehe. Kwa Fundi alikimbia siku kumi. Kwa mama huyu alirudi kesho yake asubuhi, bila kutumwa na mtu, akaanza na kiti: nani aliahidi, lini, na leo angempigia nani simu.

Kilichofanya kazi, na kilichokwama

Kama ningepewa nafasi ya kuhifadhi jambo moja tu kutoka kwenye kisa hiki, ningehifadhi lile swali la tatu. Wasimamizi tunapima kujiamini kana kwamba ni kitu kimoja kizima, kama homa. Mwanafunzi anaweza kuwa na 7 na 1 kwa wakati mmoja, na ukichanganya unapata 4 isiyomsaidia mtu. Hata hivyo namba zenyewe nisizitukuze. Rehema alijua nataka zipande, na mwanafunzi mwenye adabu humpandishia msimamizi wake. Siku alizochukua kurudi kwa mteja ni ushahidi ninaouamini zaidi, kwa kuwa hakujua kwamba nazihesabu.

Modeli ya Taylor inataja namna sita za kuwa na mteja: kumtetea, kushirikiana naye, kuingia katika hisia zake, kumtia moyo, kumwelekeza, na kutatua tatizo pamoja naye. Rehema alikuwa na moja tu mfukoni, kutia moyo, na aliitoa kila palipotokea kimya. Kwa Fundi ilihitajika kuingia katika hisia zake, na baadaye kushirikiana. Kwa yule mama ilihitajika kumtetea tangu dakika ya kwanza. Ndiyo maana alichojifunza kwa mmoja hakikumfaa moja kwa moja kwa mwingine. Imani ya kuweza hufuata kazi mahususi. Haisambai mwili mzima. Nilipaswa kulijua hilo na kumwandaa kwa kumuuliza kabla hajaingia: huyu anahitaji uwe nani kwake? Sikumuuliza.

Ukimya wangu dirishani ulifanya kazi, lakini ulifanya kazi kwa sababu palikuwa na kalamu. Nimewahi kusimamiwa na mtu aliyekaa kimya bila makubaliano yoyote, na kimya cha namna ile ni mtihani. Rehema aliniambia baadaye kwamba kujua kalamu ipo mfukoni ndiko kulikomfikisha hadi tisa.

Kusimulia bila kujihukumu nako kulisaidia kuliko nilivyodhani. Mwanafunzi anayeogopa ana hukumu tayari kabla hujauliza: "niliharibu". Ukimpeleka kwenye nani-alisema-nini, hukumu inapungua nguvu na ukweli mdogo unajitokeza. Kwetu ulikuwa midomo iliyoanza kusogea.

Kilichokwama kabisa ni kuagana. Rehema, kwa furaha ya kazi kwenda vizuri, alimwambia Fundi atakuwepo siku ya kuruhusiwa, amwone akivaa shati na kutoka nalo. Fundi aliruhusiwa Jumamosi. Mwanafunzi hafanyi kazi Jumamosi, na Ijumaa jioni alikuwa idara nyingine. Hakuna aliyekuwa ameweka kuagana kwenye mpango, ingawa siku ya mwisho ya mafunzo yake ilikuwa imeandikwa ukutani tangu mwanzo. Tulikuwa tumetumia wiki nzima kumfundisha kurekebisha uhusiano uliovunjika, tukaacha uhusiano uliopona ukatike bila neno. Muuguzi wa zamu alisema Fundi alikaa kwenye kiti akiwa ameshavaa, akautazama mlango kwa muda, ndipo akakubali kuondoka.

Jumatatu Rehema aliomba ruhusa ya kupiga simu. Nilikaa naye chumbani. Alijitambulisha, akaomba radhi kwa ahadi aliyoivunja, kisha akanyamaza na simu sikioni. Vidole vyake vilikuwa juu ya meza, vinahesabu.